Mipopla ya Monet haikuchorwa kwa kikao kimoja

Wengi huamini kwamba wachoraji wa mkondo wa impreshonisti, yaani wale waliojaribu kunasa mwanga wa papo hapo kwa miguso ya brashi inayoonekana, walimaliza kila picha palepale nje, kwa kikao kimoja, kabla wingu halijapita. Dhana hiyo haiafikiani na picha za mipopla, miti mirefu myembamba, ambazo mmoja wao, Claude Monet, alizichora mwaka 1891 kando ya mto Epte, karibu na nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, wakati mwingine chini ya anga lililofunikwa na mawingu. Akiwa ndani ya mashua aliyoifanya karakana, aliweka turubai kadhaa tayari, akabadilisha moja kwa nyingine kila mwanga ulipogeuka, kisha akairudia ileile siku ambayo hali ya hewa ilifanana na ya awali. Kazi ilichukua miezi, hata ikambidi, miti hiyo ilipopigwa mnada ili ikatwe, amlipe mfanyabiashara wa mbao aiache imesimama hadi atakapomaliza. Na hilo, kwa maoni yangu, ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote. Miguso ya brashi inayoonekana ya haraka aliendelea kuirekebisha ndani ya karakana yake, na picha 15 zikaonyeshwa Paris mwaka 1892.