Lalamiko kuu: mgonjwa haji na jina la ugonjwa

Chukua bibi mmoja kutoka Kibosho, amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje hapa Moshi. Mwanafunzi wa udaktari anamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." "Pole na kuumwa. Umekuja unasumbuliwa na nini?" "Kifua."

Hapo ndipo lalamiko kuu linapoanzia. Ni lile jambo lililomtoa mgonjwa nyumbani leo, likiandikwa kwa maneno yake mwenyewe pamoja na muda wake: kifua, wiki tatu. Nimonia si lalamiko; hayo ni maamuzi ya daktari baada ya kuuliza na kupima. Siku hizi wengi huja wameshajipima kwa mdomo, "Nina taifodi na UTI." Usiandike hivyo. Muulize, "Hiyo taifodi inakufanyaje, mama?" Atakwambia tumbo linanyonga, au mkojo unachoma. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Mtihani wa vitendo wa vituo, ambao mwanafunzi huhama kituo hadi kituo kengele ikilia, aliouanzisha daktari Ronald Harden kule Dundee, Scotland, na kuuandikia makala mwaka 1975, umejengwa juu ya jambo hilihili. Mlangoni pa kituo unakuta karatasi: mwanamume wa miaka 58, miguu imevimba, mwezi mmoja. Basi. Una dakika chache kabla kengele haijalia. Aliyesoma kitabu sura kwa sura, leo figo, kesho ini, anaanza kujiuliza aingilie wapi, maana miguu iliyovimba inaweza kutoka kwenye moyo, figo, ini au lishe. Ndiyo maana mimi naona ni heri kujiandaa kwa malalamiko kuliko kwa magonjwa.

Turudi kwenye kifua, maana neno hilo limebeba mengi. Kuna anayemaanisha kikohozi. Kikifika wiki mbili unaifikiria TB, unauliza jasho la usiku, kupungua uzito na damu kwenye makohozi. Akiwa anaishi na VVU usisubiri wiki mbili. Kuna anayemaanisha pumzi kubana: huyo muulize analalia mito mingapi, na kama anaamka usiku kutafuta hewa, kwani moyo ukishindwa kazi ndivyo unavyojitangaza. Mwingine ni maumivu hasa, nawe unataka kujua kama yanamshika akipanda mlima na kumwachia akipumzika.

"Homa" nayo ina mtego. Kwa wengine ni joto la mwili, kwa wengine ni kuumwa tu, hata mafua. Na joto likiwepo kweli, usikimbilie malaria. Watafiti walifuatilia wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa hapa Moshi mwaka 2007 na 2008: 528 walidhaniwa kuwa na malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikutwa na magonjwa yatokayo kwa wanyama, kama leptospirosisi na brusela. Kwa hiyo swali la "unafuga?" na la "maziwa mnachemsha?" si umbea.

Miguu kuwaka moto usiku: fikiria kisukari, pombe ya miaka mingi, VVU, upungufu wa vitamini B12. Tumbo, kizunguzungu, degedege la mtoto na mjamzito anayetokwa damu navyo viwe kwenye orodha yako, kila kimoja na maswali yake matano sita ya mwanzo. Na ile shikamoo usiiruke kwa haraka ya kengele. Bibi asiyeamkiwa hujibu kwa neno mojamoja.

Yule wa Kibosho, kwa mfano, akiulizwa vizuri kifua kinamfanyaje, anaweza kujibu: "Kinadunda mbio, mwanangu, hata nikiwa nimekaa." Kikohozi hana, maumivu hana. Sasa mwanafunzi anashika mapigo ya mkono, anavuta kope la chini aone kama damu imepungua, kisha anamwomba anyanyue kidevu aitazame shingo kama tezi imevimba.