Saluni ya spoti iliyotembea kilomita laki mbili: ninavyoikagua

Watu wanaoniita niwakagulie gari kabla ya kununua huuliza karibu wote jambo moja: "Kilomita laki mbili si nyingi mno?" Kwa saluni ya kawaida ningejibu papo hapo. Kwa saluni ya spoti, yaani gari la milango minne lenye nguvu farasi 300, 400 au zaidi, namba hiyo peke yake bado haijaniambia kitu. Nataka kujua oili ilibadilishwa kila baada ya muda gani, nani aliwahi kuifungua injini, na kama ule ugonjwa wa kuzaliwa wa modeli hiyo umeshatibiwa au unamsubiri mnunuzi.

Kwa sababu kila modeli ina wake. Chukua BMW M3 ya E90 (herufi na namba kama hizi ni jina la kiwandani la toleo la gari). V8 yake ya lita 4.0 hupanda hadi raundi 8,400 kwa dakika, na hiyo ndiyo raha yake yote. Ugonjwa wake ni beringi za koni rodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, ambazo huisha mapema. Mafundi wanabishana juu ya sababu. Wengine wanalaumu nafasi finyu kati ya beringi na krenkishafti, wengine wanalaumu madereva wanaokanyaga mafuta wakati oili ya 10W-60 bado baridi na nzito. Mimi naona yote mawili yanachangia, ila kwa mnunuzi ubishi huo hauna faida. Beringi zikiisha kabisa, krenki inakwaruzika, na mara nyingi injini nzima imekwenda. Ndiyo maana namuuliza muuzaji kwanza kabisa: beringi zilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Akisema hajawahi kusikia habari hiyo, nachukulia hazijaguswa. Ukipata ruhusa, toa oili kidogo ipimwe maabara. Madini ya risasi, bati na shaba yakiwa juu kuliko kawaida, beringi zinalika. M5 ya E60, yenye V10 ya lita 5.0, ina ugonjwa huohuo, na zile za giaboksi ya SMG, inayojibadilishia gia bila pedali ya klachi, zinaongeza pampu ya haidroliki ambayo nayo huchoka.

Mercedes C63 AMG ya W204 ni habari nyingine. Injini yake ya M156, lita 6.2, inajulikana kwa boliti za silinda hedi katika zile za miaka ya mwanzo. Boliti zikidhoofika, maji ya rejeta yanapenya kwenye silinda. Utaona gari linapungua maji na chini hakuna tone. Sikiliza pia sauti ya tiki-tiki juu ya injini hata baada ya kupata moto, maana kamshafti na vikombe vya valvu huwa vinalika.

Kwa Subaru WRX STI ya lita 2.5, hofu yangu ni pistoni. Kingo nyembamba zinazoshikilia ringi hupasuka, hasa injini ikiwa imeongezewa nguvu na mtu asiyejua kuipangia mafuta. Hapo kipimo cha mgandamizo wa silinda si anasa. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini ikizidi asilimia 10 hivi, ninataka maelezo kabla ya kuendelea. Subaru hiyo na Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) za zamani, hadi ya IX, zinatumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Mkanda usio na risiti ni mkanda uliokwisha, hata muuzaji aape vipi. Kwenye Evo ongeza pampu ya mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu. Pampu hiyo inaliwa na kutu, na kuipata mpya ni safari ndefu.

Audi RS4 ya B7 humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayoosha mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Masizi yanajijenga taratibu, nguvu inapungua, na mwenye gari hagundui kwa sababu inapungua kidogo kidogo. Kuyasafisha kunawezekana kabisa, basi si sababu ya kukimbia. Shokapu zake za DRC, zilizounganishwa kwa mabomba ya oili kimshazari, huvuja. Wengi huzitoa na kuweka za kawaida. Sioni kosa hapo, mradi kazi imefanywa vizuri na bei imeshuka kulingana.

Nimetaja modeli sita tu. Kabla ya kwenda kutazama gari lolote, tafuta magonjwa ya modeli hiyo kwa jina la injini, si jina la gari, kwa sababu jina moja la gari linaweza kubeba injini tatu.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mwambie muuzaji mapema asiiwashe injini mpaka ufike, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini baridi haiwezi kuficha mengi. Mlio wa cheni ya taimingi iliyolegea unasikika katika sekunde chache za mwanzo kisha unapotea oili ikishapanda. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha, unaotoweka muda mfupi baadaye, kwa kawaida ni sili za valvu. Ukiendelea wakati wa kukanyaga mafuta, fikiria ringi za pistoni au turbo. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi si tatizo, lakini moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi ni sensa au koili tu.

Kisha chomeka mashine ya kompyuta. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana soketi ya OBD, ya kusomea kompyuta ya gari, karibu na miguu ya dereva. Kutokuwa na kodi za hitilafu hakunifurahishi hata kidogo mpaka nione hali ya majaribio ya ndani ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Yakionyesha hayajakamilika, mtu amefuta kumbukumbu juzijuzi, pengine asubuhi hiyohiyo, au betri imechomolewa. Kwenye magari mengi kilomita hazihifadhiwi kwenye dashibodi peke yake. Moduli nyingine pia zina namba zake, na fundi mwenye mashine ya modeli husika anaweza kuzilinganisha. Mita iliyorudishwa nyuma hukamatwa hapo. Hukamatwa pia kwa macho: pedali ya klachi iliyolika hadi chuma na usukani uliong'aa kwa mikono haviendani na kilomita elfu 60.

Tairi nazitazama kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia. Tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT, iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, zinakupa wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1418 ni wiki ya 14 ya 2018. Ukikuta tairi nne za kampuni nne tofauti kwenye gari la nguvu farasi 400, umeshaujua mfuko wa mwenyewe. Aliyebania kwenye tairi, sitarajii alimwaga oili sahihi kwenye injini. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote kuna ubaya zaidi: tairi zenye kina tofauti cha meno zinalazimisha difu kufanya kazi muda wote. Ukiwa hapohapo chini, soma unene wa chini unaoruhusiwa, ambao mara nyingi umechorwa kwenye diski ya breki yenyewe, na upime.

Bodi naipitia haraka. Kipima rangi kinachosoma mikroni 100 hadi 180 kwa kawaida ni rangi ya kiwandani; kikiruka ghafla kuzidi 300 hapo kuna rangi ya pili au puti. Paneli moja iliyopakwa upya hainitishi. Sehemu ya mbele yote iliyopakwa upya, pamoja na boliti za boneti zenye alama za spana, inanitisha.

Barabarani, acha injini ipate joto la oili, si la maji tu, kwa sababu oili huchelewa. Kisha ingia gia ya juu kwa raundi za chini na ukanyage mafuta hadi mwisho. Raundi zikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Kwa giaboksi ya otomatiki, tafuta mshtuko wakati wa kushuka gia ukikaribia kusimama. Usidanganyike na maneno kwamba oili yake ni ya maisha yote. ZF, wanaotengeneza giaboksi nyingi za magari haya, wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Achia usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka, kisha funga breki kwa nguvu uone gari linavuta upande gani.

Ukirudi, usizime. Liache lingurume dakika kumi, feni iwake na kuzima, sindano ya joto isitikisike. Zima, ngoja robo saa, washa tena. Injini inayowaka vizuri ikiwa baridi lakini ikasita ikiwa ya moto huwa na sensa ya krenki inayochoka au injekta zinazovuja, na hilo wauzaji wengi hawalitaji kwa sababu hawakuulizwa.