Kulungu Akikaa Kimya Mbele ya Watu, Usiseme Ametulia

Jumapili moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, nilisimama kwenye njia ya mbao ya Nairobi Safari Walk nikimtazama bongo, mnyama wa msituni wa jamii moja na kulungu wetu. Alikuwa amelala kivulini, taya likisogea huku na huku, anacheua. Wakaja watu kama 30 hivi. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akagonga mbao. Taya likasimama. Sikio moja likageukia kwetu, la pili likabaki kichakani. Mzee aliyekuwa kando yangu akamwambia mjukuu wake, “Unaona alivyotulia? Ametuzoea.”

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo mara nyingi, nami inaniuma kwa sababu ukweli uko mbele ya macho yetu. Mnyama anayewindwa hujificha kwa kutotikisika. Mcheuaji aliyetulia utamjua kwa kinywa: hulala, huteremsha shingo, hutafuna alichokwisha kumeza. Akiacha kutafuna na kuinua kichwa, yuko lindoni. Nchini India, watafiti walipima kortisoli, homoni ya msongo, katika kinyesi cha swala wa bustani ya wanyama. Wageni walipokuwa wengi, homoni hiyo ilipanda na muda wa kupumzika ukapungua.

Wengine husema kulungu wetu na wale wa Ulaya na Asia ni mnyama mmoja. Sivyo. Wale wenye pembe za matawi huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Kulungu wetu hufa na pembe zake. Jamii ya wenye pembe za matawi haina asili kusini mwa Sahara; barani Afrika asili yao ni kaskazini, kama Algeria na Tunisia. Ila wote hucheua na wote huwindwa, kwa hiyo habari ya umati inawahusu sawasawa.

Dhana ya tatu: anayekuja kula mkononi anapenda watu. Kule Nara, Japani, kulungu wamezoea wageni hata huinamisha kichwa kuomba biskuti. Mcheleweshe kidogo uone: atakuuma au atakupiga kumbo. Amezoea chakula, na mazoea hayo yana gharama. Mwaka 2019 baadhi yao walikutwa wamekufa na plastiki tumboni, mmoja akiwa na zaidi ya kilo 4. Sisi tangu Juni 2020 tumepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika mbuga na hifadhi, lakini bado naona mzazi akimpa mtoto mkate amrushie mnyama. Mkate mwingi huchachuka tumboni mwa mcheuaji na kumletea asidi inayoweza kumuua.

Tena si kweli kwamba idadi ya watu ndiyo tatizo peke yake. Watu 5 wanaopiga kelele karibu na uzio wanaweza kumsumbua kuliko 50 wanaopita polepole. Muhimu zaidi ni kama ana pa kwenda: kichaka cha kujificha, nafasi ya kurudi nyuma. Mwenye maficho huchagua mwenyewe kuonekana au la, na mtu aliyelipa kiingilio asimdai ajitokeze.

Kundi lile lilipoondoka nilitazama saa yangu. Bongo alibaki vile vile, kichwa juu. Dakika 11 zikapita ndipo taya likaanza tena kusogea. Yule mzee na mjukuu wake walikuwa wameshasonga mbele.