Jeli ya dawa za mimea: dondoo na jeli vinapokataana

Dondoo la majani, yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea kwa kuuchemsha au kuuloweka, likishachanganywa na jeli, siku ya kwanza humfurahisha kila mtu. Inang'aa, inapakika vizuri, inanukia mmea. Wiki tatu baadaye kopo lilelile lina maji juu, ukijani umegeuka hudhurungi, na jeli inamwagika kama uji mwepesi. Wengi huulaumu mmea. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza dawa za kupaka, mmea mara nyingi hauna kosa: jeli ilichaguliwa kabla dondoo halijafahamika.

Jeli ni maji yaliyoshikwa. Kinachoyashika ni nyuzi ndefu za kemikali ambazo mara nyingi hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wote. Inayopendwa sana ni kabomeri, unga wa kiwandani wenye nyuzi hizo, kwa kuwa asilimia 0.5 hadi 1 inatosha. Ikiwa kwenye maji matupu huwa tindikali na nyepesi. Ukiitilia besi (kinyume cha tindikali) kidogo, kama trietanolamini, nyuzi zake hupata chaji hasi, zikasukumana, zikajikunjua na kuyabana maji. Uzuri wake wote unategemea kusukumana huko, na hapo ndipo dondoo linapoharibu mambo. Mmea uliochemshwa au kulowekwa kwenye maji hutoa pia chumvi zake, za potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Chumvi hizo huzima msukumano, nyuzi hujikunja tena, na mnato unaporomoka. Nimewaona watu wakiongeza kabomeri mara mbili, mara tatu, wakiishia na mabonge yanayoelea.

Dawa yake ni kubadili kishikio. Haidroksiethili selulosi, unga unaotokana na nyuzi za mimea, haina chaji, kwa hiyo chumvi haziisumbui sana. Gundi ya zanthani nayo huzivumilia vizuri. Au badilisha namna ya kutoa dondoo: ethanoli huacha chumvi nyingi kwenye machicha. Lakini usikimbilie selulosi bila kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, maana mimea yenye tanini nyingi (kemikali zinazokaza ulimi, kama kwenye chai kali) inaweza kushikana na baadhi ya selulosi na kutuama kama mchanga. Tanini hizohizo zikikutana na chuma, hata kutu kidogo ya sufuria, huwa nyeusi kama wino. Kwa kweli wino wa zamani ulitengenezwa hivyohivyo.

Halafu kuna pH, kipimo cha tindikali na besi (chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni besi), na hapa pana mvutano wa kweli. Ngozi yenye afya huwa na tindikali kidogo, karibu 4.5 hadi 5.5. Kabomeri hukaza zaidi ikifika 6 au 7. Benzoati ya sodiamu, kihifadhi cha kawaida, hupoteza nguvu pH ikizidi 5. Klorofili, ambayo ndiyo ukijani wenyewe, hupoteza magnesiamu yake kwenye tindikali na kuwa hudhurungi. Kurkumini, yaani rangi ya bizari ya manjano, ndiyo yenye deko kuliko zote: kwenye maji yenye pH 7.2 na joto la mwili, karibu asilimia 90 yake huvunjika ndani ya nusu saa, na mwanga pia huiharibu. Huwezi kuwaridhisha wote. Mtengenezaji huanza na kemikali inayotibu, akajua inatulia kwenye pH gani, ndipo atafute kishikio na kihifadhi vinavyokubaliana nayo. Rangi ije mwisho.

Kuhusu vihifadhi, nasikia sana kwamba dawa ya asili haivihitaji. Ukungu nao ni wa asili. Maji yenye sukari na protini za mmea ni chakula kizuri cha vijidudu, na dondoo linaloua bakteria fulani kwenye sahani ya maabara halijathibitisha kwamba litailinda jeli miezi kadhaa dhidi ya vidole vinavyochovywa kila siku. Vitabu vya viwango vya dawa huweka kikomo cha bakteria 100 na kuvu 10 kwa gramu ya dawa ya kupaka ngozini, na vijidudu kama *Staphylococcus aureus* na *Pseudomonas aeruginosa* visionekane kabisa kwenye gramu nzima. Ndiyo maana napenda tyubu, isiyochovywa vidole, kuliko kopo.

Uthabiti haupimwi kwa macho peke yake. Sampuli huwekwa kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, nyingine zikikaa kwenye joto la kawaida kwa muda wote wa matumizi unaokusudiwa. Kila baada ya muda hupimwa pH, mnato na vijidudu, pamoja na kiasi cha kemikali moja au mbili zinazoutambulisha mmea. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachorukwa sana, na ndicho kinachoumbua: jeli inaweza kubaki nzito na yenye rangi nzuri ilhali dawa iliyomo imekwisha. Jeli ambayo haikutengenezwa kwa usafi wa kuua vijidudu vyote isipakwe kwenye kidonda kilicho wazi.

Na ukikuta maji yamejitenga juu ya jeli uliyonunua, usiikoroge ukaendelea kuipaka. Dawa na kihifadhi huenda havijasambaa sawasawa tena, kwa hiyo hujui kidole chako kimechota nini. Irudishe ulikoinunua.