Zinki imo kwenye uji, lakini inamfikia mtoto?

Tazama bati jipya juani: yale maua-maua yanayong'aa ni zinki, madini yaleyale yanayochimbwa Kipushi, kule Katanga, Kongo. Mwilini mwa mtu mzima ni gramu 2 hadi 3 tu, lakini vimeng'enya (vichocheo vya kazi za mwili) zaidi ya 300 vinaitegemea. Kidonda hakifungi vizuri bila hiyo, na mtoto hudumaa. Mwili nao hauna ghala la kuihifadhi.

Mimi ni mtu wa lishe. Kliniki huulizwa sana, "Chakula gani kina zinki?" Nyama, dagaa, maharage, mbegu za maboga, hata mahindi. Natamani niulizwe pia: ikishaliwa, inafyonzwa?

Mwaka 1958, mjini Shiraz, Iran, daktari Ananda Prasad alimpokea kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka 10. Alikuwa akiishi kwa mkate wa ngano usiochachushwa, na akila udongo. Ngano ina zinki. Ila pumba zake zina fitati, akiba ya fosforasi ya mbegu, ambayo huing'ang'ania zinki tumboni mpaka itoke na choo. Udongo nao unaweza kuinasa; ndiyo maana mjamzito anayetafuna pemba huwa simwachi aondoke haraka.

Jikoni tuna namna ya kuipunguza fitati. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa kibichi, ufunike. Baada ya siku mbili tatu utaona vimizizi vyeupe vimechomoza kama nyuzi. Hapo mbegu yenyewe imeamsha kimeng'enya cha kuvunja fitati, ipate fosforasi ya kuotea. Anika, saga: hicho ndicho kimea. Kuchachusha, kama kwenye togwa, nako husaidia. Kwa hiyo ule unga wa nafaka saba na soya, vyote vikisagwa vikavu bila kuloweshwa, siupendi kabisa. Afadhali uji wa kimea wenye kijiko cha dagaa waliosagwa.

Mtoto akiharisha, zinki humtoka kwa wingi. Mwaka 2004, WHO na UNICEF walishauri apewe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kinachoniumiza ni pakiti ninazoonyeshwa zikiwa nusu: kuhara kulikoma siku ya tatu, mama akaacha. Mama, vidonge vilivyobaki bado ni vya mtoto. Endelea kumpa.