Paneli ya kudhibiti umeme kwa mpika bia wa nyumbani: ni kitu gani hasa?

Ukimwambia fundi umeme unataka paneli ya kupikia bia, atakuuliza: iwashe nini? Swali zuri, ila ni nusu tu. Nusu ya pili wengi wetu huja kujiuliza tukiwa tumeshaunguza kitu: ikiharibika, itazimaje?

Paneli ya kudhibiti ni kabati la chuma au plastiki ngumu linalokaa kati ya umeme wa nyumba na vyombo vya kupikia. Mlangoni lina swichi, taa ndogo na kioo cha tarakimu, na nyuma ya mlango kuna nyaya na vifaa. Vyombo vyenyewe ni sufuria kubwa, moja hadi tatu, elementi ya kuchemshia iliyozama ndani, na pampu ya kuzungusha maji ya kimea. Mtu anaweza kusema: si uchomeke elementi ukutani tu, kama birika?

Huwezi, na sababu ya kwanza ni joto. Kimea kikilowekwa katika maji ya moto, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyo inafanyika vizuri kati ya nyuzi 62 na 70 hivi za Selsiasi, na hapo katikati kila nyuzi ina lake. Ukishikilia 63 unapata bia kavu, nyepesi mdomoni. Ukishikilia 69 inabaki nzito na utamu kidogo. Ukipitiliza hadi 78 vimeng'enya vinaharibika na mchezo umekwisha. Birika halijui hayo; lenyewe linajua kuchemsha tu.

Sababu ya pili ni ampea. Elementi inayopendwa sana na wapika bia ina wati 5500. Gawanya kwa volti 240 unapata ampea 23, wakati birika la wati 2000 kwa volti hizohizo linakula ampea 8 na kidogo. Si kwamba watu wanapenda makuu. Kupandisha lita 30 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 67 kwa elementi hiyo kunachukua kama dakika 18, ukiacha joto linalopotea njiani. Kwa wati 2000 ni karibu dakika 50, na bado hujaanza kuchemsha. Ila ampea 23 zikipita saa nzima kwenye soketi ya kawaida, plastiki italainika kabla ya kimea.

Ukitaka kuielewa paneli yoyote, hata yenye taa kama ndege, igawe mara mbili kichwani. Upande mmoja kuna umeme mdogo unaopima na kuamua. Upande wa pili kuna umeme mkubwa unaofanya kazi. Ustadi wote uko pale pande hizi zinapokutana.

Tuanze na mdogo. Ndani ya sufuria kuna kihisi joto, mara nyingi aina ya Pt100: uzi mwembamba wa platini wenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi 0, na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kila nyuzi moja ya joto inabadilisha chini ya nusu omu. Mabadiliko ni madogo kiasi kwamba ukinzani wa waya unaotoka kwenye sufuria hadi kwenye paneli unatosha kudanganya kipimo. Ndiyo maana kihisi kizuri kinakuja na nyaya tatu badala ya mbili: ule wa tatu unakiwezesha kidhibiti kujua ukinzani wa waya wenyewe na kuutoa kwenye hesabu. Nimeona mtu akikata waya huo kwa kuudhani wa ziada, kisha akalalamika kipimajoto ni kibovu.

Kidhibiti joto ndicho kile kioo cha tarakimu mlangoni. Kinaitwa PID, herufi tatu zinazosimamia njia tatu za kuangalia kosa moja. Chukua mshika usukani wa meli. Akiona chombo kimetoka kwenye njia, anazungusha usukani kadiri kilivyotoka. Upepo ukiendelea kukisukuma kidogokidogo upande mmoja, anaongeza zaidi ili kulipia kosa lililolimbikizana. Chombo kikianza kurudi kwa kasi, anaulegeza mapema kisije kikapitiliza upande wa pili. Mfano huu una asili yake: Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi, alichapisha hesabu za mfumo huu mwaka 1922 akichunguza jinsi ya kuongoza meli bila mkono wa mtu. Sufuria ya bia ni meli nzito vilevile. Elementi ikizimwa inabaki na joto, na maji yanaendelea kupanda. Termostati ya kawaida, inayojua kuwasha na kuzima tu, itapitiliza nyuzi mbili tatu kila mara. PID inaanza kupunguza moto kabla ya kufika.

Tena inapunguza kwa muda, si kwa nguvu. Elementi haina nusu moto: ama imewaka yote, ama imezima. Kidhibiti kikitaka asilimia 50, ndani ya kila mzunguko wa sekunde 2 kinaiwasha sekunde 1 na kuizima sekunde 1. Maji, kwa uzito wake, hayaoni tofauti. Wakati wa kuchemsha unakiondoa kwenye kazi ya kulenga nyuzi na kukipa asilimia moja kwa moja, kwa sababu maji yakishachemka hayapandi tena joto hata ukiongeza moto. Yanachofanya ni kuruka na kumwagika.

Sasa mpaka wenyewe. Kidhibiti hakiwezi kubeba ampea 23. Kinatoa volti chache tu za mkondo mnyoofu, kama za betri. Volti hizo zinakwenda kwenye rilei ya kielektroniki, kifaa kisicho na sehemu inayosogea, ambacho hukubali ishara kuanzia kama volti 3 na kufungulia umeme mkubwa. Kinaweza kuwasha na kuzima kila sekunde kwa miaka bila kuchakaa wala kupiga kelele. Rilei ya kawaida yenye ncha za chuma ingekufa mapema kwa mwendo huo.

Kifaa hicho kina tabia tatu, na hapa ndipo paneli nyingi za kujitengenezea zinapotofautiana. Ya kwanza, kinapata moto. Kikiwa kimewaka kinajilia kama volti moja hadi moja na nusu, na kwa ampea 23 hiyo ni wati 25 hadi 35, sawa na chuma cha solda kilichofungiwa kabatini. Lazima kikae juu ya bamba la alumini lenye mapezi, kipakwe krimu ya kupitisha joto chini yake, na bamba likiwezekana litokeze nje ya kabati. Ya pili, hata kikizima kinavujisha umeme kidogo, miliampea kadhaa. Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi: kikifa, mara nyingi kinakufa kikiwa kimefunga njia, yaani elementi inabaki imewaka. Kioo kinasoma 67, kidhibiti kimeamuru zima, na maji yanaendelea kupanda joto.

Kwa hiyo mbele ya rilei panawekwa kontakta. Hii ni swichi kubwa ya kizamani: koili inavuta sumaku, sumaku inagonganisha ncha za chuma, unasikia "tak!" Koili ikikosa umeme, springi inaziachanisha ncha na pengo la hewa linabaki kati yake. Swichi ya mlangoni na kitufe chekundu cha dharura, kile chenye kichwa kama uyoga, vinakata umeme wa koili. Wapo wanaounganisha kitufe hicho kwa njia nyingine, kiuvujishe umeme kwa makusudi kwenda ardhini ili breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukivuja, ikatike. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi. Kitufe cha dharura kinafaa kizime kwa kuondoa kitu, kisitegemee kifaa kingine kishtuke kwanza. Na kwenye nchi ambazo volti 240 zinatoka kwa nyaya mbili zote za moto, kama Marekani, kontakta ikate zote mbili. Rilei moja inakata mmoja tu, na elementi iliyozimwa kwa namna hiyo bado ina umeme ukiigusa.

Breka ya kawaida watu huielewa vibaya. Ipo kwa ajili ya waya, si kwa ajili yako. Breka ya ampea 30 itatulia tu huku sehemu ndogo sana ya ampea moja, inayotosha kuusimamisha moyo, ikipita mwilini mwako. Anayekulinda wewe ni breka ya uvujaji: inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua wa kurudi inakata papo hapo. Sehemu nyingi hutumia inayokata kwenye miliampea 30. Marekani, zile za kumlinda mtu hukata kwenye 5 hivi. Kupika bia ni kazi ya sakafu mbichi, mikono mibichi na chuma, kwa hiyo kifaa hiki hakina mjadala. Na waya wa ardhi ufike hadi kwenye mwili wa kila sufuria na kwenye mlango wa kabati pia, maana mlango unaoning'inia kwa bawaba zilizopakwa rangi hauna uhakika wa ardhi.

Kuhusu unene wa waya, kwa ampea 23 wengi hutumia shaba ya milimita mraba 4 au 6, kufuatana na urefu, joto la mahali na breka iliyowekwa. Fuata sheria za mahali ulipo, na mwenye leseni aione kazi kabla haijawashwa.

Kitu ambacho michoro haionyeshi ni skrubu. Paneli yangu ya kwanza, siku ya upishi wa tatu, ilianza kutoa harufu kama ya samaki aliyeoza. Nilizima, nikafungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa terminali moja ya nyutro: plastiki yake imekuwa ya kahawia, waya umekauka na kukakamaa. Niligusa skrubu kwa bisibisi ikazunguka robo tatu bila kushika. Waya wa nyuzinyuzi ukibanwa hulala, na kesho yake skrubu iliyokuwa imekaza imelegea. Breka haikushtuka kwa sababu ampea hazikuzidi. Palikuwa na mgusano mbaya tu. Siku hizi navisha kila ncha kofia ya chuma, nakaza, naacha ilale, nakaza tena.

Kabla ya kuunganisha elementi, weka balbu ya wati 60 mahali pake, ile ya zamani yenye uzi, na utumbukize kihisi kwenye kikombe cha maji vuguvugu. Lenga nyuzi za juu: balbu inawaka. Mimina maji ya moto kikombeni: inaanza kupepesa, kisha inazima. Sasa badilisha, weka taa ndogo ya LED, na kidhibiti kikiwa kimeamuru zima, funika mwanga kwa mikono uitazame. Mara nyingi utaona inang'aa kwa mbali, kama kaa lililofunikwa majivu. Ni ule uvujaji wa rilei. Bonyeza kitufe chekundu, kontakta itaachia kwa "tak!", na mle mikononi patakuwa giza tupu.