Kuacha faida benki hakukuepushi na kodi

Wenzetu wengi wenye kampuni ndogo Marekani, za malori au za kuhudumia wazee, zinazotozwa kodi kwa mfumo wa S, huamini kwamba fedha zikibaki kwenye akaunti ya kampuni hazina kodi mpaka uzitoe. Sivyo.

Kampuni ya S kwa kawaida hailipi yenyewe kodi ya mapato ya shirikisho. Hujaza fomu 1120-S, kisha humpa kila mwenye hisa karatasi ya K-1 yenye fungu lake la faida, na fungu hilo huingia kwenye kodi yake binafsi. Tuseme kampuni ni yako peke yako, na baada ya gharama zote, mshahara wako ukiwemo, imebaki faida ya dola 60,000. Hata ukichukua 10,000 tu, utatozwa kwa zote 60,000. Nafuu ni kwamba zile 50,000 ukizichukua mwakani, kwa kawaida hazitozwi tena.

Linaloniuma zaidi ni ushauri wa kujilipa mshahara kiduchu na kuchukua kilichobaki kama gawio, ili kukwepa asilimia 15.3 ya mshahara inayokwenda Social Security (mfuko wa pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee). Sheria inadai mshahara unaolingana na kazi unayofanya. Mhasibu David Watson wa Iowa alijilipa dola 24,000 kwa mwaka; mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kazi yake ilistahili 91,044. Kampuni yake ilidaiwa kodi, adhabu na riba.

Faida ya K-1 haikatwi kodi mapema kama mshahara, kwa hiyo tenga fedha za kulipa mwenyewe kodi ya makadirio kwa awamu za Aprili, Juni, Septemba na Januari.